Zamu ya 25: Mjukuu wa Kiwanuka na Biashara ya Kushuka Foleni

Drafti ya wachezaji ni utaratibu ambao ligi za Marekani huutumia kugawana vijana wanaotoka vyuoni. Kijana hachagui timu, wala timu hazipandishiani dau kumgombea. Timu hupangwa kwenye foleni: kwa kawaida iliyoshika mkia msimu uliopita husimama mbele, bingwa husimama nyuma. Kila timu ikifikiwa na zamu hutaja jina moja, na aliyetajwa anakuwa wake. Foleni ikiisha huanza upya, na kila mzunguko huitwa raundi. Ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL, ina timu 32 na raundi saba.

Kwa anayefuatilia soka kutoka Moshi, mpangilio huo umesimama kichwa chini. Polisi Tanzania, iliyokuwa ikiutumia Uwanja wa Ushirika mjini Moshi, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019 na ikashuka mwaka 2023. Iliposhuka hakuna aliyeipa haki ya kuchagua vijana kabla ya Simba au Yanga. Timu ikishuka daraja, wachezaji wake wazuri ndio wa kwanza kutafutiwa njia dirisha la usajili linapofunguliwa. Kijana wa Kibosho anayeng'ara kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, atachukuliwa na klabu iliyomwona mapema au yenye fungu nene zaidi. Marekani hakuna kushuka daraja. Wamiliki wa timu ni washirika wa biashara moja, na mshirika mmoja akifa njaa biashara yote inachechemea. Inachekesha kidogo kwamba nchi inayolihubiri soko huria kuliko nchi zote ndiyo iliyouwekea mchezo wake mpango ambao waandishi wa Azimio la Arusha wangeuelewa bila kufafanuliwa.

Mpango huo ulianza kwa shida za mtu mmoja. Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, alikuwa na timu mbovu na mfuko mwembamba, na kila alipomwendea mchezaji mzuri alikuta klabu tajiri zimeshamaliza mazungumzo. Mwaka 1935 aliwashawishi wamiliki wenzake kwamba timu dhaifu zikiachwa hivyo zitaizamisha ligi nzima. Walikubali, wakiwemo wenye timu zilizonufaika na hali ya zamani. Drafti ya kwanza ilifanyika Philadelphia tarehe 8 Februari 1936, ikiwa na timu tisa na raundi tisa, na wachezaji 81 wakaitwa. Zamu ya kwanza ilikuwa ya Bell mwenyewe, kwa kuwa Eagles ndiyo iliyoshika mkia. Alimtaja Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, kisha akashindwa kumudu malipo aliyoyataka kijana huyo, akauza haki yake kwa Chicago Bears. Berwanger hakuelewana na Bears pia, na hakucheza NFL hata siku moja. Kwa hiyo mchezaji wa kwanza kabisa kuitwa katika historia ya drafti aliishia kuwa bidhaa ya kubadilishana, na tangu hapo zamu za foleni zimekuwa na soko lake.

Kanuni ya soko hilo ni nyepesi. Timu yenye zamu ya mbele inaweza kuiachia timu ya nyuma, ikachukua zamu ya nyuma pamoja na nyongeza: zamu moja au zaidi za raundi za chini, au za miaka ijayo. Kwa wenye timu huko ni kushuka foleni kwa malipo. Mfugaji wa Kibosho anayempeleka dume mnono sokoni na kurudi na mtamba na mbuzi wawili amefanya biashara ya aina hiyohiyo: ameacha kitu kimoja kinachoonekana kwa macho, akapata vitu vitatu ambavyo thamani yake itajulikana baadaye.

Kwa miongo mingi bei ilikuwa ya kukisia. Aliyeleta mapinduzi ni Jimmy Johnson, kocha wa Dallas Cowboys, ambaye mwaka 1989 alirithi timu mbovu iliyomaliza msimu wake wa kwanza na ushindi mmoja katika mechi 16. Tarehe 12 Oktoba mwaka huo alimuuza Herschel Walker, mkimbiaji aliyekuwa nyota pekee wa timu, kwa Minnesota Vikings. Alipewa wachezaji kadhaa, na nyuma ya majina yao kulikuwa na masharti: Dallas ikiwaacha wachezaji hao, Minnesota italipa kwa zamu za drafti. Minnesota ilidhani Johnson anawataka wachezaji. Alichokuwa akikitaka ni zamu. Kutokana na rundo hilo alipanda na kushuka foleni mpaka akampata Emmitt Smith mwaka 1990, na Dallas ikatwaa ubingwa wa misimu ya 1992, 1993 na 1995.

Mtu mwenye zamu nyingi namna hiyo huhitaji mizani. Mwaka 1991 Mike McCoy, mhandisi aliyekuwa na hisa katika klabu ya Dallas, alikusanya mabadilishano ya miaka iliyotangulia akatengeneza jedwali la alama. Zamu ya kwanza ilipewa alama 3,000, ya pili 2,600, ya 16 alama 1,000, na kadiri foleni inavyoshuka alama zinayeyuka hadi vijisehemu. Makocha waliofanya kazi chini ya Johnson walipohamia timu nyingine waliondoka na jedwali hilo, na muda si mrefu ligi nzima ikawa inalitumia. Linalosahaulika ni kwamba McCoy hakupima ubora wa wachezaji. Alipima mazoea ya wauzaji. Jedwali lilieleza watu walikuwa wakilipa nini, likasomwa kama vile linaeleza wanapaswa kulipa nini.

Swali hilo la pili lilichukuliwa na wachumi wawili, Cade Massey na Richard Thaler, katika utafiti uliotoka mwaka 2005. Waliweka pamoja nafasi aliyoitwa mchezaji, mshahara aliolipwa na kazi aliyoifanya uwanjani. Waligundua kwamba timu zinajiamini kupita kiasi. Ukichukua wachezaji wawili wa nafasi moja walioitwa wakifuatana, uwezekano kwamba wa kwanza atamzidi wa pili ulikuwa zaidi kidogo tu ya nusu. Ni karibu sawa na kurusha shilingi. Juu ya hayo, kwa malipo ya wakati ule, walioitwa mwanzo kabisa walikuwa ghali kiasi kwamba aliyeitwa mwishoni mwa raundi ya kwanza au katika raundi ya pili alikuwa na faida zaidi kwa kila dola. Ushauri uliotokana na hesabu hizo ulikuwa kwamba timu ishuke foleni, na ishuke mara nyingi. Thaler alipata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2017 kwa kazi pana zaidi ya aina hiyo. Wenye timu waliendelea kupanda.

Mwaka mmoja baada ya utafiti huo kutoka, jina la Afrika Mashariki liliingia katika biashara hiyo. Mathias Kiwanuka alizaliwa Indianapolis mwaka 1983, katika familia iliyotoka Uganda. Babu yake, Benedicto Kiwanuka, mwenyeji wa Masaka, alikuwa wakili na kiongozi wa chama cha Democratic Party. Aliongoza serikali ya kwanza ya ndani ya Uganda na akawa waziri mkuu wa kwanza mwaka 1962, kabla ya kushindwa na muungano wa Milton Obote katika uchaguzi wa Aprili mwaka huohuo. Obote alimfunga, Idi Amin alimfungulia na mwaka 1971 akamfanya jaji mkuu. Tarehe 21 Septemba 1972, siku nne baada ya wafuasi wa Obote kuvuka mpaka kutoka Tanzania kujaribu kuuangusha utawala wa Amin, askari walimkamata Kiwanuka katika jengo la Mahakama Kuu, Kampala. Aliuawa.

Mjukuu alikua akiwa kijana wa Indiana, akaenda Boston College, chuo cha Kikatoliki chenye timu ya futiboli inayoheshimika. Urefu wake ulikaribia mita mbili, na kazi yake ilikuwa kutokea pembeni mwa mstari wa ulinzi na kumwangusha kwotabeki, yule mgawaji mpira ambaye mashambulizi yote hupitia mikononi mwake, kabla hajaurusha. Aliondoka chuoni hapo na rekodi ya maangusho 37.5. Nusu hiyo hutokana na desturi ya kugawa sifa pale walinzi wawili wanapomfikia mtu mmoja kwa pamoja.

Drafti ya 2006 ilifanyika New York tarehe 29 na 30 Aprili. New York Giants walikuwa na zamu ya 25. Pittsburgh Steelers, waliotoka kutwaa ubingwa karibu miezi mitatu kabla, walikuwa wa mwisho kwenye foleni, zamu ya 32. Steelers walikuwa wamempoteza mdakaji wao Antwaan Randle El aliyehamia Washington, na walimwona Santonio Holmes wa Ohio State bado hajaitwa. Mdakaji hata mmoja alikuwa hajaitwa mpaka wakati huo. Kumsubiri kwa zamu saba zaidi kulikuwa kamari, hivyo walipiga simu kwa Giants. Mapatano yalikuwa haya: Giants waachie zamu ya 25, wapewe ya 32, ya 96 na ya 129.

Kwa jedwali la McCoy, zamu ya 25 ilikuwa na alama 720. Ya 32 ilikuwa na 590, ya 96 ilikuwa na 116 na ya 129 ilikuwa na 43, jumla 749. Giants walipata ziada ya alama 29, kiasi ambacho kwenye jedwali hilohilo ni thamani ya zamu moja ya kuelekea mwishoni mwa raundi ya tano. Si utajiri. Ila walikuwa wameshuka hatua saba tu, na zamu ya 32 ilipofika, Kiwanuka alikuwa bado yupo. Walimwita.

Uamuzi huo uliwashangaza wengi, kwa sababu Giants hawakuwa na njaa ya walinzi wa pembeni. Walikuwa na Michael Strahan, mmoja wa bora katika historia ya mchezo. Osi Umenyiora, mzaliwa wa London mwenye asili ya Nigeria. Na Justin Tuck, aliyeitwa mwaka mmoja kabla. Meneja mkuu, Ernie Accorsi, aliamini kwamba timu haiwezi kuwa na watu wengi mno wa kumkimbiza kwotabeki. Naye kocha Tom Coughlin aliwahi kufundisha Boston College miaka kumi na zaidi kabla ya hapo.

Zamu mbili za nyongeza ziliwaleta Gerris Wilkinson, mlinzi wa mstari wa pili, aliyeitwa wa 96, na Guy Whimper, wa mstari wa mbele wa mashambulizi, aliyeitwa wa 129. Wote wawili walikaa New York miaka kadhaa wakitumika zaidi kama wachezaji wa akiba. Hapa ndipo sifa za kushuka foleni zinapohitaji kupunguzwa kidogo. Wanaoisifia biashara hiyo huhesabu zamu za ziada. Kwa Giants wa 2006, faida haikuwa Wilkinson na Whimper. Ilikuwa kwamba walimpata Kiwanuka bila kulazimika kumtumia zamu ya 25, na hayo mengine yalikuwa chenji. Na aliyewafaa zaidi kati ya wote walioitwa siku ya pili, Barry Cofield, mlinzi wa katikati ya mstari, waliyemwita wa 124, alitoka kwenye zamu yao wenyewe ya raundi ya nne, isiyohusika na mapatano yale.

Siku ileile ya kwanza waliyomwita Kiwanuka, Giants walifanya pia kinyume chake. Waliwapa Baltimore Ravens zamu ya 56 na ya 87 ili wapande hadi ya 44, wakamwita mdakaji Sinorice Moss. Kwa jedwali walilipa alama 495 kwa kitu cha alama 460. Moss aliumia mara kwa mara na hakuwahi kuwa tegemeo. Ndani ya saa chache, timu moja yenye wataalamu walewale na jedwali lilelile ilishuka kwa busara na ikapanda kwa hasara, na hilo linaeleza mengi kuhusu soko hili kuliko nadharia yoyote.

Mwaka wa kwanza wa Kiwanuka unakumbukwa kwa kosa. Tarehe 26 Novemba 2006, mjini Nashville, Giants waliongoza kwa 21–0 kabla Tennessee Titans hawajaanza kurudi. Titans wakiwa kwenye jaribio la mwisho, Kiwanuka alimkumbatia kwotabeki Vince Young, kisha akamwachia akidhani mpira umesharushwa na kwamba akimbwaga ataadhibiwa. Young alikuwa bado ameshika mpira. Alikimbia, akaendeleza shambulizi, na Titans wakashinda 24–21. Msimu uliofuata makocha walimhamishia mstari wa pili, nafasi asiyoizoea, ili yeye, Strahan na Umenyiora waweze kuwa uwanjani pamoja. Novemba 2007 alivunjika mguu. Februari 2008 Giants waliwafunga New England Patriots, waliokuwa hawajapoteza hata mechi moja msimu ule, 17–14 katika fainali ya ligi, Super Bowl ya 42. Ushindi huo ulitokana hasa na kumsakama kwotabeki Tom Brady. Kiwanuka alitazama akiwa nje.

Umuhimu wa akiba ya Accorsi ulionekana miezi michache baadaye. Strahan alistaafu Juni 2008, na Agosti Umenyiora akaumia goti na kukosa msimu mzima. Timu nyingine ingekuwa sokoni ikitafuta mtu kwa bei ya dharura. Giants walimrudisha Kiwanuka pembeni na akamaliza msimu na maangusho manane.

Upande wa Pittsburgh, wakati huohuo, ulikuwa ukisherehekea. Tarehe 1 Februari 2009, katika Super Bowl ya 43 dhidi ya Arizona Cardinals, Santonio Holmes alidaka mpira kwenye kona ya uwanja zikiwa zimebaki sekunde 35, akiwa amenyoosha ncha za vidole vya miguu ndani ya mstari. Steelers walishinda 27–23 na Holmes akatajwa mchezaji bora wa fainali. Kwa kawaida mapatano ya drafti huulizwa nani aliyepunjwa. Katika haya, ni vigumu kumtaja. Aliyepanda alinunua ubingwa. Aliyeshuka alinunua mtu aliyemtumikia miaka tisa.

Miezi mitano baadaye Mtanzania naye alijifunza uzito wa kuitwa mapema, katika mchezo mwingine. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.2, aliyejijengea jina la ulinzi katika Chuo Kikuu cha Connecticut, aliitwa wa pili katika drafti ya mpira wa kikapu ya NBA ya Juni 2009, na Memphis Grizzlies. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kufika ligi hiyo. Waliomfuata kwenye foleni ni pamoja na James Harden, wa tatu, na Stephen Curry, wa saba. Memphis ingeweza kuiuza zamu hiyo na kushuka, lakini ilibaki nayo. Februari 2010 Thabeet alipelekwa ligi ya chini kukomazwa, jambo ambalo hadi wakati huo lilikuwa halijawahi kumpata mchezaji aliyeitwa mapema kiasi kile, na mwaka uliofuata akauzwa Houston. Kijana aliyechelewa kuanza kikapu alihitaji muda. Nafasi ya pili haimpi mtu muda. Inampa ulinganisho na Harden na Curry kila anapotajwa. Angeitwa wa 20, kazi ileile ingehesabiwa kuwa mwanzo wa heshima.

Mwaka 2011 NFL na chama cha wachezaji walitia saini mkataba mpya uliobana mishahara ya wanaoingia. Sam Bradford, aliyeitwa wa kwanza mwaka 2010, alihakikishiwa dola milioni 50. Cam Newton, wa kwanza mwaka 2011, alipata jumla ya kama dola milioni 22 kwa miaka minne. Zamu za mbele zikawa nafuu, na sehemu ya hoja ya Massey na Thaler, ile ya gharama, ikapungua nguvu. Sehemu ya kujiamini kupita kiasi ilibaki palepale, na klabu zikaanza kujitengenezea majedwali yao ya siri badala ya lile la Dallas.

Kiwanuka alipata fainali yake tarehe 5 Februari 2012. Giants walikutana tena na Patriots, wakashinda 21–17, safari hii akiwa uwanjani, na uwanja wenyewe ulikuwa Indianapolis, mji aliozaliwa. Giants walimwachia Machi 2015 baada ya misimu tisa na maangusho 38.5.

Zamu ya 25 ilikuwa bado haijamaliza safari. Aprili 2010 Steelers walimuuza Holmes, aliyekuwa akikabiliwa na adhabu ya ligi ya kufungiwa mechi kadhaa, kwa New York Jets kwa zamu ya 155 tu. Hawakuitumia: waliipeleka Arizona, wakashuka hadi ya 195, wakapewa na beki Bryant McFadden juu yake. Kwa zamu ya 195 walimwita Antonio Brown, mdakaji mfupi wa chuo kisicho na jina kubwa, ambaye mwaka 2014 aliongoza ligi kwa kudaka mara 129. Brown alipogombana na klabu, Machi 2019 aliuzwa Oakland kwa zamu mbili. Ya kwanza, ya 66, ilimleta Diontae Johnson, mdakaji mwingine. Naye Johnson aliuzwa Carolina Machi 2024 pamoja na zamu ya raundi ya saba, Pittsburgh wakimpokea beki Donte Jackson na zamu ya raundi ya sita.